Mpango wa mawasiliano hauanzi kwenye bango

Mwaka 1973, kwa muda wa majuma 12, Watanzania wapatao milioni mbili walikutana vikundi kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, wakabishana, kisha wakashika majembe. Wengine walifyeka vichaka vilivyozingira nyumba zao, wengine walifukia madimbwi, na wengi walichimba vyoo. Sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu milioni 12.3 nchi nzima, watoto wachanga wakiwamo, kwa hiyo milioni mbili si idadi ya kuipita haraka haraka. Hiyo ndiyo kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kwa kushirikiana na Wizara ya Afya, chama cha TANU na Radio Tanzania Dar es Salaam.

Naileta mbele ya wasomaji wa leo kwa sababu kazi ya mawasiliano imekuwa ajira ya vijana wengi. Halmashauri zina maofisa habari, mamlaka za maji zina maofisa uhusiano, benki na mashirika ya hiari yana vitengo vizima. Na karibu kila kijana anayeingia kwenye kiti hicho, ndani ya miezi michache ya kwanza, huitwa na mkuu wake na kuambiwa: tuandalie mkakati wa mawasiliano. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa maana wengi wao hawajawahi kuona mkakati uliofanya kazi mpaka mwisho. Walichowahi kuona ni kiolezo.

Kiolezo hicho kila aliyepita ofisi hizi anakijua. Kurasa za mwanzo ni dira na dhima. Linafuata jedwali la nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Halafu orodha ya walengwa, na wa kwanza kwenye orodha ni "umma kwa ujumla". Mwisho ni jedwali refu la shughuli: mabango 20, vipeperushi 5,000, fulana na kofia, vipindi vya redio, kikao na wahariri, kurasa za mitandao ya kijamii. Ukitoa kurasa za mwanzo, kinachobaki ni orodha ya manunuzi. Haisemi nani anatakiwa kufanya nini tofauti na anavyofanya sasa, wala kwa nini hafanyi.

Umma kwa ujumla hauchimbi choo. Anayechimba ni mtu fulani, kwenye kiwanja fulani, mwenye sababu ya kuchimba mwezi huu na si mwakani. Waandaaji wa Mtu ni Afya walilielewa hilo zaidi ya miaka 50 iliyopita, bila kompyuta, wakiwa na redio moja ya taifa na barabara zisizopitika masika. Ndiyo maana naamini kwamba anayetaka kujifunza kupanga mawasiliano kwa ajili ya kazi yake, kabla hajalipia kozi yoyote, aichunguze kwanza kampeni hii.

Miaka minne ya kujaribu

Mtu ni Afya haikuzuka. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, lakini majaribio ya vikundi vya redio yalikuwa yameshaanza. Jaribio la kwanza lilihusu Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, nalo lilipewa jina la Kupanga ni Kuchagua, maneno ambayo Mwalimu aliyatumia mwaka 1969 alipouwasilisha mpango huo kwenye mkutano wa TANU. Mwaka 1970 ikaja Uchaguzi ni Wako, kuelekea uchaguzi mkuu. Mwaka 1971, nchi ikiadhimisha miaka 10 ya uhuru, ikaja Wakati wa Furaha, ambayo iliwafikia watu wapatao 20,000.

Kutoka 20,000 hadi milioni mbili ni mara mia. Mtu anaweza kudhani siri ya ukuaji huo ni fedha au amri ya chama, na vyote viwili vilikuwapo. Lakini bila zile kampeni ndogo, fedha hizo zingepotelea njiani. Kampeni ndogo ndizo zinazoonyesha yale mambo ya kawaida kabisa ambayo huua kampeni kubwa: vitabu kuchelewa mpaka kipindi cha kwanza kinapita, kiongozi wa kikundi kudhani kazi yake ni kuhutubia, msimu wa kilimo kuwaondoa watu wote kijijini. Leo taasisi nyingi huzindua kampeni ya taifa siku ileile ambayo ujumbe wake unasikika kwa mara ya kwanza. Mgeni rasmi anakata utepe, na hakuna mtu hata mmoja nje ya ofisi aliyewahi kuulizwa kama ameuelewa.

Baada ya majaribio kukaja uchaguzi wa mambo ya kusema. Tanzania ya wakati huo ilikuwa na maradhi chungu nzima, na kila daktari angependa lake liwe la kwanza. Waandaaji walibaki na machache: malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu na maradhi yatokanayo na maji machafu. Mkazo uliwekwa kwenye yale ambayo kaya na kikundi wangeweza kuyafanya kwa nguvu zao wenyewe, bila kungoja gari la serikali. Chanjo inahitaji jokofu, mafuta na muuguzi. Choo kinahitaji shimo, miti na siku chache za kazi. Ujumbe unaomwambia mtu afanye jambo lililo nje ya uwezo wake humfundisha kitu kimoja tu, nacho ni kutokusikiliza ujumbe unaofuata.

Kisha watu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, ngazi kwa ngazi: timu ya taifa iliwafundisha wa mikoani na wilayani, nao wakawafundisha wa chini yao, mpaka ikafika kwa yule atakayekaa na majirani zake. Hakutakiwa kuwa mtaalamu wa afya. Alitakiwa ajue kusoma kwa sauti, ajue kuuliza swali, na asikubali kikundi kitawanyike bila kuamua jambo.

Kikao chenyewe kilikwenda hivi. Watu wanakutana mahali pamoja, redio imewekwa katikati. Kipindi kinasikilizwa. Kikiisha, kiongozi anafungua kitabu na kusoma sura ya juma hilo, pole pole, ili hata asiyejua kusoma aipate yote. Halafu anageuza maneno ya redio kuwa maswali ya pale pale: hapa kwetu mbu wanazaliana wapi? Maji ya kunywa tunachota upande upi wa mto, na watoto wanaoga upande upi? Nyumba ngapi hazina choo, na kwa nini? Hapo mazungumzo yanachukua muda, maana swali la kwa nini lina majibu mengi. Wengine hawana nguvu ya kuchimba, wengine udongo wao unaporomoka, na kuna familia ambazo kwa mila zao mkwe na mkwewe hawawezi kutumia choo kimoja. Mwisho kikundi kinapatana kazi ya kufanya kabla ya kukutana tena, na juma linalofuata kila mmoja anaonekana kama ameifanya au la.

Tazama vitu hivyo vinavyotegemeana. Redio ilileta sauti ya taifa na kumfanya mtu wa Newala ahisi yuko kazini pamoja na mtu wa Ngara. Kitabu kilibaki nyumbani baada ya redio kuzimwa. Kikundi kilileta macho ya majirani. Ukiondoa redio, kampeni inabaki darasa la watu wazima. Ukiondoa kikundi, inabaki kuwa matangazo. Ofisa wa leo anapojaza sehemu ya njia za mawasiliano kwenye mpango wake, hii ndiyo kazi anayotakiwa kuifanya: aandike kila njia inabeba mzigo gani ambao nyingine haiwezi kuubeba. Kuandika "redio, televisheni, mitandao ya kijamii, magazeti" kwenye mstari mmoja hakumsaidii mtu yeyote kuamua.

Kilichobaki ni kupima. Watafiti wa Taasisi, akiwamo Budd Hall, ambaye baadaye aliiandika historia ya kampeni hizi pamoja na Tony Dodds, walikwenda kwenye vijiji walivyovichagua kabla ya kampeni kuanza. Walipita nyumba kwa nyumba wakitazama vitu vinavyoonekana kwa macho: choo kipo? Kimefunikwa? Majani yamefyekwa? Kuna maji yaliyotuama? Kampeni ilipokwisha walirudi kwenye vijiji hivyo hivyo, na maendeleo yalionekana wazi, hasa upande wa vyoo. Nchi nzima vilijengwa vyoo vipya kwa mamia ya maelfu.

Haifai kuisimulia kampeni hii kama hadithi ya malaika. Nyuma yake kulikuwa na TANU na mabalozi wa nyumba kumi kumi, na katika miaka ile ombi la balozi halikuwa ombi la kukataliwa kirahisi. Ofisa wa leo hana nguvu hiyo, na ni heri asiwe nayo. Tena choo cha miti na udongo hakidumu. Kipindupindu kiliposambaa nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 kilikuta bado kuna nafasi ya kupenya, na mwaka 2017 Serikali ilizindua kampeni nyingine ya vyoo, Nyumba ni Choo. Lakini Taasisi iliendelea na mtindo uleule, ikaja na Chakula ni Uhai mwaka 1975 na Misitu ni Mali mwaka 1980, kwa kuwa ilikuwa na kumbukumbu za kilichofanyika. Kampeni ngapi za miaka ya karibuni zimeacha hata ripoti moja ambayo ofisa anayeingia kazini leo anaweza kuisoma?

Nani hasa wa kuambiwa

Uamuzi mgumu kuliko yote katika kupanga mawasiliano ni kumchagua anayeambiwa. Mfano mzuri ni Fataki, kampeni iliyoanza kusikika redioni Tanzania mwaka 2008 chini ya mradi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Tatizo lilikuwa watu wazima wenye fedha wanaowarubuni mabinti wadogo, jambo lililowaweka wasichana kwenye hatari ya mimba na virusi vya Ukimwi.

Kwa fikra za haraka, walengwa ni wawili: mwanamume aache, binti akatae. Lakini mwanamume yule anajua fika anachokifanya, tangazo halitamzindua. Binti naye mara nyingi ndiye mwenye nguvu ndogo kuliko wote katika mazungumzo hayo, na kumwambia akatae ni kumtwisha mzigo wa mtu mzima. Waandaaji wakageukia mtu wa tatu ambaye hakuna aliyekuwa akizungumza naye: muuza duka, jirani, rafiki, mhudumu wa mgahawa, yule anayeona na kunyamaza. Katika matangazo yale Fataki anatamba, anaahidi, na kila mara inatokea sauti ya mtu wa kando inayomharibia. Anaondoka kwa aibu. Jamii ikapewa jina la kumwita mtu huyo mbele ya watu, na jina likashika. Mpaka leo ukimwita mtu fataki mtaani, hahitaji kufafanuliwa.

Hakuna kiolezo kinachoweza kukupa uamuzi wa namna hiyo. Unapatikana kwa kukaa na tatizo muda mrefu na kujiuliza: kati ya wote waliopo kwenye tukio hili, ni nani mwenye nafasi ya kuligeuza, na anazuiwa na nini? Mara nyingi jibu ni mtu asiyekuwamo kabisa kwenye orodha ya wadau.

Upande wa biashara kuna historia ya M-Pesa, ambayo wengi wanaijua kama hadithi ya teknolojia. Jaribio lilianza Kenya mwaka 2005, Safaricom na Vodafone wakishirikiana na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Lengo lilikuwa wakopaji warejeshe mikopo yao kwa simu. Wateja wa jaribio walikuwa wachache, chini ya 500. Wakati wa kuwafuatilia, timu iligundua kwamba watu walikuwa wanaitumia huduma ile kwa mambo ambayo hayakupangwa, na kubwa lao ni kutumiana fedha wenyewe kwa wenyewe. Huduma ilipozinduliwa kwa umma Machi 2007, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando. Ujumbe ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani.

Kila Mkenya mwenye kazi Nairobi na mama yake Kakamega au Machakos aliuelewa papo hapo, kwa maana alikuwa tayari akituma bahasha kwa dereva wa basi na kulala akiomba ifike. Ujumbe ule ulitokana na matendo ya wateja yaliyotazamwa kwa makini. Na ilihitaji unyenyekevu wa kitaalamu: kulikuwa na wataalamu walioandika mpango wa mikopo, wakakubali kuuacha.

Kupima kilichobadilika

Hapa ndipo fani yetu inaposuasua zaidi, na ningependa vijana waikazie macho sehemu hii. Ripoti ya kawaida ya kitengo cha mawasiliano huhesabu kilichotoka: taarifa kwa vyombo vya habari zilizosambazwa, vipindi vilivyorushwa, machapisho ya mitandaoni, watu walioyapenda. Mwaka 2010, wataalamu wa upimaji wa mawasiliano kutoka nchi mbalimbali walikutana Barcelona, Hispania, wakakubaliana kanuni ambazo sasa hufundishwa vyuoni. Mojawapo ni kwamba kupima matokeo kuna maana kuliko kuhesabu kazi iliyotoka, na nyingine ni kwamba kulinganisha habari iliyochapishwa na bei ya tangazo la ukubwa huohuo si kipimo cha thamani ya mawasiliano. Hata hivyo, zipo ofisi ambazo mpaka leo zinakata vipande vya magazeti, zinapima sentimita, na kumpelekea mkurugenzi jumla ya shilingi "zilizookolewa".

Tanzania ilikuwa imeshafanya vizuri zaidi miaka 17 kabla ya kikao hicho. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio wa Twende na Wakati, juu ya uzazi wa mpango na Ukimwi. Wasikilizaji wa miaka ile hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, wala mkewe Tunu aliyelazimika kujifunza kusimama mwenyewe. Nyuma ya mchezo huo kulikuwa na mpango wa utafiti. Kituo cha Dodoma, ambacho kilikuwa na uwezo wa kurusha vipindi vyake, hakikuurusha mchezo ule kwa miaka miwili ya kwanza. Hivyo watafiti, wakiwamo Everett Rogers na Arvind Singhal, waliweza kulinganisha walioupata na wasioupata, mwaka hadi mwaka. Tofauti ilionekana katika matumizi ya uzazi wa mpango, na mwaka 1995 Dodoma nayo ikaanza kuupokea mchezo huo.

Halmashauri haina uwezo wa kufanya utafiti wa kiwango hicho, na haihitaji. Lakini fikra ya ndani yake ni ya bei rahisi: jua hali ilivyo kabla hujasema neno, na panga mapema utalinganisha na nini. Kampeni ya usafi ikianzia kata tatu badala ya kata zote, kata zilizobaki zitakuonyesha hali ingekuwaje bila kampeni.

Kisa cha ankara ya maji

Tuchukulie ofisa uhusiano wa mamlaka ya maji ya mji mdogo, mahali popote kati ya Babati na Masasi. Mkurugenzi anamwita: makusanyo yanashuka, wateja hawalipi ankara kwa wakati, tunataka kampeni ya kuhamasisha ulipaji. Bajeti ipo kidogo. Ofisa wa kiolezo tayari ameshaanza kufikiria gari la matangazo likipita mitaani na bango lililoandikwa "Lipa ankara yako kwa wakati kwa maendeleo ya taifa".

Ofisa aliyejifunza kazi haandiki chochote siku ya kwanza. Anaomba orodha ya wadaiwa na kuitazama. Anaona kwamba wadaiwa hawakutawanyika sawasawa: sehemu kubwa wako mitaa miwili, na kwenye mitaa hiyo wengi walikuwa wakilipa vizuri mpaka mwaka jana. Kwa hiyo si watu wasiojua umuhimu wa kulipa. Anakwenda kukaa kwenye dirisha la huduma kwa wateja, nyuma ya mhudumu, asubuhi nzima, akisikiliza tu. Mama mmoja anasema hajawahi kuona ankara tangu karatasi zilipoondolewa. Kijana mwingine analalamika kakatiwa maji bila taarifa. Mhudumu anafungua mfumo, anasoma namba ya simu iliyoandikishwa, na kijana anatikisa kichwa: hiyo ni namba ya baba mwenye nyumba, anaishi Dar es Salaam.

Mchana anatembelea mitaa ile miwili. Ni nyumba za kupanga, mita moja kwa wapangaji wanne au watano. Ankara na namba ya malipo vinakwenda kwenye simu ya mwenye nyumba, ambaye ama hazisambazi au anazituma zikiwa zimechelewa. Wapangaji wanachangishana, mmoja anakuwa hayupo, siku zinapita, maji yanakatwa.

Sasa mpango unaanza kuandikika, na sehemu yake ya kwanza haina tangazo hata moja. Ofisa anarudi kwa mkurugenzi na kumwambia: mfumo uruhusu mita kuwa na namba mbili za simu, ya mwenye nyumba na ya mpangaji mmoja aliyechaguliwa na wenzake. Bila hilo, kila shilingi ya kampeni ni hasara. Mkurugenzi anaweza kuguna, kwa kuwa aliomba bango na ameletewa kazi ya idara ya tehama. Lakini kama atakubali, walengwa sasa wanajulikana kwa majina ya mitaa yao: wapangaji wa nyumba zenye mita ya pamoja. Jambo wanalotakiwa kufanya linasemeka kwa sentensi moja: chagueni mwenzenu mmoja, aje aandikishe namba yake. Njia ni wasoma mita, ambao wanafika kila nyumba kila mwezi na wanafahamika. Wafundishwe la kusema na wapewe fomu. Mwenyekiti wa mtaa aarifiwe kabla, asije akasikia habari hizo kwa wengine. Redio ya mji isaidie juma la kwanza tu, kuwaeleza wenye nyumba kwamba hakuna anayenyang'anywa mita yake, kwa kuwa hofu hiyo lazima itakuja.

Kabla ya kuchapa fomu, ofisa anakwenda na nakala moja kwa wapangaji kumi na kuwaomba wamweleze, kwa maneno yao, wanatakiwa kufanya nini. Iwapo watatu wanadhani wanaandikishwa kulipa deni la zamani la mpangaji aliyehama, fomu hiyo haijakamilika, hata kama mkurugenzi ameshaisaini. Halafu anaandika kipimo: kati ya mita za pamoja za mitaa ile miwili, ngapi zina namba ya pili baada ya miezi mitatu, na ngapi kati ya hizo zimelipwa ndani ya muda. Takwimu zote mbili zimo kwenye mfumo wa mamlaka tayari. Mpango mzima unaenea kwenye ukurasa mmoja na nusu.

Wapi pa kujifunzia

Vyuo vinafundisha nadharia, na nadharia inafaa. John Marston, profesa wa Marekani, aliandika mwaka 1963 hatua nne ambazo bado zinafundishwa: utafiti, hatua za kuchukua, mawasiliano, tathmini. Wanaozikariri ni wengi. Ila tazama mpangilio wake: mawasiliano yenyewe ni ya tatu. Kabla yake taasisi inatakiwa iwe imechunguza na kurekebisha matendo yake. Ofisa wa maji amefuata njia hiyo hiyo, na pengine bila kumjua Marston.

Kinachopungua ni mazoezi juu ya visa vya kwetu. Mwanafunzi wa mawasiliano Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa anaweza kumaliza shahada akiwa amechambua kampeni za viatu na vinywaji vya Marekani, na hajawahi kukaa na kitabu cha Mtu ni Afya mkononi. Hajawahi kumhoji mzee aliyekuwa kiongozi wa kikundi mwaka 1973, na wazee hao wanapungua kila mwaka. Vyuo vingewatuma wanafunzi kuwatafuta, kurekodi simulizi zao na kuzihifadhi, vingepata hazina ya kufundishia ambayo hakuna kitabu cha kigeni kitakachoileta. Hili ni la haraka kuliko warsha yoyote.

Kwa aliyeko kazini tayari, ningemshauri apiganie kiti kwenye kikao kinachoamua, kwani anayeletewa uamuzi uliokwisha kupita kazi yake ni kuupaka rangi. Aombe siku mbili kila mwezi za kukaa pale wateja wanapohudumiwa: dirishani, kwenye foleni ya zahanati, sokoni. Na mpango auandike kwa Kiswahili tangu mwanzo, hata kama mfadhili atadai nakala ya Kiingereza baadaye, ili msoma mita, mtendaji wa kata na mtangazaji wa redio ya jamii wausome na kuukosoa kabla haujapita.

Lipo na suala la fedha. Bajeti inapokatwa, utafiti wa mwanzo na tathmini ya mwisho huwa vya kwanza kuondoka, fulana zinabaki. Sababu yake inaeleweka: fulana inaonekana siku ya uzinduzi, na mkubwa anaivaa. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, na vitengo huanza kuandika makadirio yao miezi mingi kabla. Ofisa anayetaka kupima matokeo hawezi kungoja mpaka kampeni iishe ndipo aombe nauli ya kurudi vijijini. Aiweke nauli hiyo kwenye makadirio kama shughuli inayojitegemea, yenye tarehe na jina la atakayekwenda, na aiambatanishe na swali ambalo mkurugenzi mwenyewe angependa kujua jibu lake. Mkurugenzi wa mamlaka ya maji atapenda kujua makusanyo ya mitaa miwili yamepanda kwa kiasi gani. Fungu la namna hiyo ni gumu kukatwa.